Kiingereza Kidato cha Nne: Yanayotarajiwa Darasani na Taratibu Zinazomhusu Mwanafunzi wa Nainokanoka

Kila mwezi Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne nchini huketi kwa Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Sekondari unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Miongoni mwa karatasi zinazowekwa mbele yao, ile ya Kiingereza, yenye namba 022, ina nafasi yake ya pekee. Kwenye cheti ni somo moja kama mengine. Lakini pia ndiyo lugha yanamoandikiwa maswali ya Historia, Jiografia, Biolojia, Uraia na Hisabati. Asiyeimudu hupata hasara katika somo lenyewe, kisha akaipata tena katika kila karatasi isiyokuwa ya Kiswahili.

Katika kata ya Nainokanoka, wilayani Ngorongoro, jambo hili lina uzito zaidi. Kata hiyo ipo katika nyanda za juu za Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kaskazini mashariki mwa kreta, chini ya mlima Olmoti, kwenye barabara inayokwenda Bulati na kreta ya Empakai. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kimaasai. Mtoto huanza kusema Kimaasai nyumbani, hukikuta Kiswahili anapoanza shule ya msingi, na anapofika sekondari Kiingereza kinakuwa lugha yake ya tatu. Mzazi asiyepitia njia hiyo anaweza kuona kwamba mwanawe ana somo moja gumu tu. Makala haya yanaeleza darasa hilo linamdai mwanafunzi nini, alama zake zinapatikanaje, na ni taratibu zipi zinazomlinda au kumbana.

Asili ya utaratibu wa lugha

Tangu mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia sekondari. Suala la kukiondoa Kiingereza katika nafasi hiyo limewahi kufikiriwa kwa uzito. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie pia madarasa ya sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza shuleni na kukuta wanafunzi wengi hawana lugha ya kutosha kufuatia masomo yao, na baada ya hapo ukaanzishwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa somo hilo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwaka 2025, imeendelea kukipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kufundishia sekondari. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024. Hivyo, mzazi mwenye mtoto mmoja kidato cha nne na mwingine katika madarasa ya chini asishangae kuona vitabu na mihtasari inatofautiana, kwa kuwa wanafunzi waliokwisha kuanza sekondari chini ya mtaala uliotangulia humaliza nao. Yanayoelezwa hapa yanawahusu hao.

Darasa linadai nini

Muhtasari wa somo unataka mwanafunzi amudu stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kidato cha nne hatarajiwi tena kujifunza maneno ya vitu vilivyomzunguka wala nyakati za vitenzi kwa mara ya kwanza. Anatarajiwa kuitumia lugha katika kazi za mtu mzima: kutoa hoja katika mdahalo, kuandika hotuba, kuandika barua rasmi na barua ya kuomba kazi pamoja na wasifu wake, kusoma habari ndefu na kuitolea ufupisho kwa maneno yake mwenyewe.

Ufupisho ndio unaowaangusha wengi. Mwanafunzi huchukua sentensi tatu za kifungu alichopewa na kuzinakili kama zilivyo, akiamini kwamba maneno ya kitabu ni salama kuliko ya kwake. Anachopimwa ni kama amekielewa kifungu kiasi cha kukisema upya kwa ufupi, na kunakili hakuonyeshi hilo.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na ambalo hata baadhi ya wanafunzi hulitambua wakiwa wamechelewa. Mtihani wa mwisho ni wa maandishi. Stadi za kusikiliza na kuzungumza zimo katika muhtasari na hufundishwa, lakini siku ya mtihani hakuna anayemsikiliza mtahiniwa akizungumza. Ni katika kazi za shuleni tu ndipo zinapoweza kuonekana. Nainokanoka jambo hili lina sura yake. Wageni wanaopanda mlima Olmoti huanzia safari yao hapo kijijini, na vijana wanaokutana nao huokota Kiingereza cha kuzungumza, wengine kwa ufasaha wa kupendeza. Ufasaha huo ni mtaji mkubwa katika wilaya yenye kreta inayotembelewa na watu wa dunia nzima, lakini wenyewe hauandiki barua rasmi wala hautofautishi tahajia za maneno yanayofanana kwa sauti. Kijana wa namna hiyo anahitaji kalamu na daftari zaidi ya mazungumzo. Mwenzake aliye kimya darasani huenda anahitaji kinyume chake.

Makosa ya mwanafunzi wa lugha ya tatu nayo yana mpangilio wake, na mwalimu anayeufahamu huokoa muda. Neno «yeye» la Kiswahili halibagui mwanamume na mwanamke, na ndiyo maana katika insha za wanafunzi kaka hugeuka dada ndani ya aya moja. Kimaasai, kwa upande wake, huonyesha jinsi mwanzoni mwa nomino: «olayioni» ni mvulana na «entito» ni msichana. Mwanafunzi wa Kimaasai analo tayari wazo la kutenga jinsi katika lugha, na kumkumbusha hilo kwa dakika mbili kunaweza kufaa kuliko kumsahihishia kosa lilelile mara ishirini kwa wino mwekundu.

Vitabu teule na mambo ya nyumbani

Sehemu ya fasihi humtaka mwanafunzi awe amesoma riwaya, tamthiliya na mashairi kutoka katika orodha iliyowekwa, kisha ajibu swali kwa kutoa mifano kutoka katika kazi mbili. Hapa ndipo somo la Kiingereza linapoacha kuwa suala la sarufi na kugusa maisha ya wanafunzi wenyewe.

Katika orodha hiyo imo riwaya ya Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, inayomhusu msichana wa miaka 14 anayekataa kukeketwa, na shauri lake likafika mahakamani. Imo tamthiliya ya The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1986, ambamo mwalimu wa kijiji anataka kumwoa msichana lakini anakataa kutoa mahari kwa kuwa anaiona desturi iliyopitwa na wakati. Imo pia Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun: msichana anarudi kutoka shuleni, na ukoo wake unapokea mahari ya wachumba wawili, naye mwenyewe hakuulizwa.

Hakuna haja ya kumweleza mwanafunzi wa jamii ya wafugaji maana ya mahari, wala uzito wa neno la wazee. Anavijua kuliko mwanafunzi wa mjini anayesoma kitabu hichohicho. Huo ni upande wa faida. Upande mwingine ni kwamba darasani anaweza kuwapo msichana ambaye anayoyasoma yanamkaribia yeye, au mvulana anayeona kwamba kitabu kinawasema vibaya wazazi wake. Mwalimu hatarajiwi kuliepuka jambo hilo, kwa sababu litaulizwa. Anatarajiwa kulisimamia kwa heshima: wanafunzi wajadili matendo na hoja za wahusika walio kitabuni, na asilazimishwe mtu kusimulia ya kwao.

Kwa upande wa alama, kanuni ni hiyohiyo. Jibu linalosema kwamba ukeketaji una madhara, bila kuonyesha ni nani alifanya nini katika riwaya, ni jibu la somo la Uraia. Mtahini anataka jina la mhusika, tukio, na maelezo ya jinsi tukio hilo linavyojibu swali. Mwanafunzi aliyesoma mukhtasari wa kurasa chache badala ya kitabu hujulikana hapo, kwa kuwa ana dhamira bila matukio. Nakala za vitabu zinapokuwa chache, kusomeana kwa sauti kwa zamu ni njia ya zamani ambayo bado inafaa, na inafundisha matamshi papo hapo.

Wazazi nao wafahamu kuwa yaliyomo katika vitabu hivyo hayakuletwa na mwalimu kwa matakwa yake. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Alama zinavyopatikana

Matokeo ya mwisho ya mtahiniwa wa shule hutokana na sehemu mbili: tathmini endelevu yenye alama 30 na mtihani wa Taifa wenye alama 70. Tathmini endelevu hukusanywa kutokana na kazi na mitihani ya nyuma, kabla ya mwanafunzi kuingia katika chumba cha mtihani. Madaraja ya somo ni A kwa alama 75 hadi 100, B kwa 65 hadi 74, C kwa 45 hadi 64, D kwa 30 hadi 44, na F kwa alama zilizo chini ya 30.

Tuchukue watahiniwa wawili waliopata sawasawa katika mtihani wa Taifa, asilimia 40 kila mmoja, yaani alama 28 kati ya 70. Wa kwanza ana alama 18 za tathmini endelevu. Jumla yake ni 46, naye anapata C. Wa pili alikosa majaribio kadhaa na ana alama 9 tu. Jumla yake ni 37, naye anapata D. Siku ya mtihani walikuwa sawa kabisa. Kilichowatenganisha ni miezi ambayo mmoja alikuwapo darasani na mwingine hakuwapo.

Tofauti hiyo si ya herufi tu. D ni ufaulu na huandikwa kwenye cheti, lakini haihesabiwi miongoni mwa masomo matatu ya kiwango cha C au zaidi ambayo mwanafunzi anatakiwa awe nayo ili aweze kuchaguliwa kuingia kidato cha tano. Mwenye kutaka tahasusi za HGL, HKL au KLF, ambazo zote zina somo la Kiingereza, hana budi kulitazama somo hili kama mlango wake. Machaguo ya tahasusi na vyuo hujazwa katika fomu maalumu ya uchaguzi, na upangaji hufanywa na ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Daraja la jumla huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa na pointi 1 na F pointi 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Mwanafunzi aliyepata F ya Kiingereza hajakosa cheti kwa sababu hiyo pekee. Uvumi wa kwamba «ukifeli Kiingereza umefeli yote» hauna msingi katika utaratibu wa madaraja, ingawa, kama ilivyoelezwa, lugha isiyoeleweka huvuta masomo mengine chini.

Mahudhurio

Kiangazi kinapokuwa kikali, mifugo huhamishwa, na mvulana mwenye nguvu huonekana anahitajika zaidi porini kuliko darasani. Mzazi anayemtoa mwanawe kwa wiki tatu anaweza kudhani kwamba atayafidia kwa kusoma daftari la mwenzake. Kwa somo la lugha hilo ni gumu, maana mdahalo hauwezi kunakiliwa, na jaribio lililopita limepita pamoja na alama zake. Familia inayolazimika kuhama ni vyema imwone Mkuu wa Shule kabla ya kuondoka, ili ijulikane kama mwanafunzi anaweza kupata nafasi ya bweni au kukaa kwa ndugu aliye karibu na shule.

Kwa wasichana, sheria imesema wazi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanafanya kuwa kosa kumwoa au kumwozesha mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Mahari iliyopokelewa haiondoi kosa hilo. Aidha, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umefungua njia ya kurejea shuleni kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito. Binti aliyejifungua, au mvulana aliyeacha shule kwa ajili ya kuchunga, anayo nafasi ya kuomba kurudi. Kadiri anavyokawia ndivyo lugha inavyomtoka. Kwa hiyo maombi yafanywe mapema.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na tangu mwaka wa fedha 2022/2023 utaratibu huo umefika hadi kidato cha sita. Sare, madaftari na kalamu vimebaki kuwa wajibu wa mzazi.

Nidhamu na lugha

Shule nyingi huwataka wanafunzi wazungumze Kiingereza wakati wote wawapo shuleni. Nia ni njema, kwa kuwa lugha isiyotumika hairuki kutoka kitabuni na kuingia mdomoni. Ugumu unaanza pale mwanafunzi anapopigwa kwa kusema neno la Kimaasai au Kiswahili. Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi vinne, vitolewe na Mkuu wa Shule au mwalimu aliyemteua, na kila tukio liandikwe kwenye daftari maalumu. Mwanafunzi wa kike hapigwi na mwalimu wa kiume isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Ni vigumu kuona kosa la sarufi, au sentensi iliyoishia kwa Kimaasai, ikiingia katika fungu la makosa makubwa. Isitoshe, anayeogopa kukosea huchagua kunyamaza, na kwa kunyamaza hakuna lugha iliyowahi kujifunzwa.

Udanganyifu katika mtihani wa Taifa ni jambo jingine kabisa. Mtahiniwa anayebainika kudanganya hufutiwa matokeo, si ya Kiingereza peke yake, na miaka minne ya masomo inakuwa bila cheti. Simu haziruhusiwi katika chumba cha mtihani. Mwanafunzi asikubali karatasi anayoambiwa kuwa ni mtihani uliovuja, na mzazi asitoe fedha kwa mtu anayedai kuwa nayo.

Baada ya matokeo

Matokeo hutangazwa kwa kawaida mwezi Januari na huwekwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani, ambako yanaweza kusomwa kwa simu bila malipo kwa mtu yeyote. Aliye mbali na mtandao ayaulize shuleni. Mwanafunzi ambaye hakuridhika na alama yake ya Kiingereza anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia somo hilo pekee, bila kurudia masomo aliyokwisha kufaulu.

Mzazi mwenye swali kuhusu mahudhurio, tathmini endelevu au nidhamu aanzie kwa Mkuu wa Shule, na ana haki ya kuonyeshwa maendeleo ya mwanawe. Jambo lisipotatuliwa hapo, lifikishwe kwa Bodi ya Shule na Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro. Kwa kuwa makao makuu ya wilaya yapo Loliondo, na safari kutoka Nainokanoka ni ndefu, inafaa kupeleka lalamiko kwa maandishi kupitia ofisi ya kata na kubaki na nakala. Barua hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.